BASTOLA KIUNONI SUMBAWANGA: TUIPAMBE AU TUJIULIZE KWANZA?

Leo naomba tuongee kitu ambacho vijana wengi wa hapa mjini wanakiongelea chini chini, hasa wale wanaofanya biashara ya mahindi na maharage na wale wa mpakani Kasesya. Ni habari ya bastola ndogo ya kutembea nayo kila siku. Sizungumzii ile ya kuweka kabatini. Nazungumzia ya kiunoni, unakwenda nayo sokoni, benki, kwenye basi, hata kilabuni.

Mjadala umechochewa na video za Wamarekani. Jamaa anakaa mezani na Glock 19 yake, anakuonyesha alivyobadilisha mshikio, akaweka tochi chini ya mtutu, akaongeza kioo chenye nukta nyekundu cha kulengea, akalainisha kifyatulio mpaka kikawa laini kama kitufe cha rimoti. Mwishoni anasema sasa yuko tayari kwa maisha. Kijana wa Kitanzania akitazama anaona kama ni suala la urembo, sawa na kuweka taa na stika kwenye bodaboda. Sasa mimi nasema hivi: kabla ya kuuliza bastola ifungwe nini, tuulize inatoka wapi, inabebwa na nani, na ikilia inamfanya nini aliyeibeba.

Tuanze na sheria, maana hapo ndipo wengi wanapodanganyana vijiweni. Marekani haki ya kumiliki silaha imeandikwa kwenye katiba yao. Kwetu ni KIBALI, unapewa na unaweza kunyang'anywa. Sheria inayotawala ni ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Mwombaji anaanzia kwa watu wanaomfahamu, serikali ya mtaa au kijiji, halafu polisi, halafu kamati ya ulinzi na usalama. Unaulizwa sababu. Unachukuliwa alama za vidole. Kibali kinaitambua silaha ile ile kwa namba yake, siyo "bastola yoyote nitakayopata".

Ndiyo maana suala la kurekebisha siyo dogo. Kubadilisha mkoba wa kiunoni, hiyo ni ngozi tu, hakuna wa kukuuliza. Lakini ukigusa mtambo wenyewe, mtutu, kifyatulio au sehemu yenye namba, umeingia kwenye kazi ya fundi mwenye leseni. Ukimpelekea fundi wa pikipiki pale stendi, hata awe na mikono ya dhahabu, mmejiingiza wote wawili matatani. Na siku silaha ikitumika, hata kama ulikuwa unajilinda kweli, swali la kwanza la mpelelezi litakuwa: kwa nini ulilainisha kifyatulio? Utajibu nini hapo?

Halafu kuna hali ya hapa kwetu. Video zile zinarekodiwa kwenye nchi ya lami na magari binafsi. Sisi huku juu Ufipa tuna vumbi la kiangazi linaloingia hadi kwenye sanduku lililofungwa, tuna barabara za kwenda Muze na Kilyamatundu zinazoshuka bondeni kwa kukurupusha abiria kama mchele kwenye ungo. Kifyatulio laini ndani ya suruali, kwenye safari ya namna hiyo, ni kutafuta kilema. Kila kitu unachoongeza ni mahali pengine pa kukusanya vumbi na pengine pa kunasa kwenye nguo. Baridi ya Juni na Julai unavaa sweta na koti juu yake. Muda wa kufunua nguo zote hizo ukiwa umeshavamiwa, aliyekuvamia atakuwa ameshamaliza shughuli yake. Kwa hiyo kama mtu ana kibali, vitu vya maana ni vya kawaida kabisa wala havipendezi kwenye picha: mkoba mgumu unaofunika kifyatulio chote, mkanda imara, usafi wa silaha, na nyumbani sanduku la chuma lenye ufunguo ambao watoto hawaujui. Mengine ni mbwembwe.

Lakini bado hatujafika kwenye kiini. Je, hiyo bastola inakulinda?

Tuangalie matukio ambayo nchi nzima inayajua. Novemba 2006, Dar es Salaam, aliyekuwa Mkuu wa Mkoa wa Tabora, Ditopile Mzuzuri, alimpiga risasi dereva wa daladala baada ya mgogoro wa barabarani maeneo ya Kawe. Dereva akafa. Hapakuwa na jambazi pale wala pesa za kulinda. Ilikuwa hasira ya foleni, hasira ambayo kila mmoja wetu anayo. Mkuu wa mkoa akashtakiwa kwa mauaji, baadaye mashtaka yakabadilishwa kuwa ya kuua bila kukusudia, naye akafariki Aprili 2008. Familia mbili, msiba, na cheo kupotea, kwa jambo ambalo bila bastola lingeishia kwenye matusi na pengine kofi.

Machi 23, 2017, siku ile ile Nape Nnauye alipoondolewa uwaziri wa habari, mtu aliyevaa kiraia alimtolea bastola hadharani nje ya hoteli jijini Dar es Salaam, kamera zikiwa zinarekodi. Mbunge na waziri wa jana yake. Kama huyo anaweza kutolewa bastola mchana kweupe, wewe na mimi je?

Agosti 25, 2021, karibu na Ubalozi wa Ufaransa, mtu mmoja alianza na bastola akawaua askari polisi na kuchukua bunduki zao. Walikufa polisi watatu na mlinzi mmoja wa kampuni binafsi, kabla naye hajauawa. Naomba tulitafakari hili vizuri. Wale askari walikuwa na silaha nzito kuliko bastola, walikuwa na mafunzo, walikuwa kazini. Aliyeanza kwa kushtukiza ndiye aliyewawahi. Sasa wewe mfanyabiashara wa maharage, uliyefyatua risasi mara mbili tangu upate kibali, unategemea nukta nyekundu?

Na Mei 2022 kule Mwanza, mfanyabiashara alimuua mkewe kwa risasi nyumbani, kisha naye akajiua. Hapa ndipo hesabu ya kujilinda inapobadilika. Silaha inaombwa kwa ajili ya jambazi wa nje, lakini inakaa ndani usiku na mchana pamoja na mke, watoto, wivu, madeni na pombe. Jambazi anaweza asije miaka kumi. Hasira inakuja kila wiki.

Najua mtasema, "Kaka, wewe hujawahi kubeba milioni kadhaa kutoka mpakani." Hoja hiyo ina uzito na siidharau. Kwa miaka mingi biashara ya Ufipa ilikuwa ya noti mkononi. Mnunuzi anashuka vijijini na pesa kwenye mfuko wa salfeti, analala nyumba asiyoijua, barabara mbovu na gari linakwama. Kila mtu anajua ana pesa. Hali hiyo ilikuwa inamfanya mtu atamani bastola, na mimi namwelewa.

Ila angalieni kilichobadilika. Mwaka 2008 M-Pesa iliingia Tanzania, na mitandao mingine ikafuata. Barabara ya Tunduma hadi Sumbawanga, kama kilomita 220 hivi, ikawekwa lami kwa fedha za Wamarekani wa MCC. Leo mnunuzi anaweza kulipa akiwa amekaa, na gari likapita bila kulala njiani. Mimi naamini, na mnipinge kama nimekosea hesabu, kwamba simu ya tochi na lami vimeondoa sababu nyingi za kuogopa kuliko bastola zote za mkoa huu. Ukitaka kujikinga, punguza kwanza kinachomvuta mwizi. Usibebe noti. Badili njia na muda. Usitangaze mzigo wako kilabuni. Bastola inakuja mwisho kabisa kwenye orodha, na watu wengi wakifika huko watakuta hawaihitaji.

Sasa kuna upande mwingine wa stori ambao hauongelewi, na kwangu ndio unaouma zaidi.

Tunapozungumzia kuunda na kurekebisha silaha, Ufipa siyo wageni wa chuma. Mababu zetu walikuwa wanayeyusha chuma kwenye matanuru marefu ya udongo, malungu, marefu kuliko mtu, yaliyovuta hewa yenyewe bila mivukuto, halafu wakakisafisha kwenye tanuru dogo kabla ya kufua majembe. Profesa Bertram Mapunda ameyachunguza na kuyaandikia. Mabaki bado yamesimama mashambani, mengine tumeyafanya mahali pa kuchungia mbuzi.

Ujuzi wa kufua chuma haukufa pale majembe ya dukani yalipofika. Kwenye vijiji vingi vya mikoa hii ya kusini magharibi fundi aliyebaki alijulikana kwa kitu kingine: gobore. Mkulima analitaka kwa ajili ya nguruwe pori na ngedere wanaomaliza mahindi, wengine kwa kitoweo, na wapo, tusifichane, waliolitumia kwa ujangili kule Katavi na kwa uhalifu. Gobore linaua kama bastola. Silitetei.

Ninachouliza ni hiki. Mwenye duka mjini ana uwezo wa kufuatilia kibali, anajua ofisi, ana nauli, anajua kuandika barua. Anapata bastola yake halali, kisha anafikiria urembo wa mshikio. Mkulima wa kijijini kule Nkasi au Kalambo ana gobore la marehemu baba yake juu ya dari. Akikamatwa, kosa la kumiliki silaha bila kibali linaunganishwa na Sheria ya Uhujumu Uchumi, na tangu marekebisho ya 2016 mahakama zimekuwa zikitoa vifungo vya miaka 20. ISHIRINI. Mtu anaingia na mtoto wa darasa la kwanza, anatoka ana wajukuu.

Tuliona pia Operesheni Tokomeza ya Oktoba 2013. Lengo lilikuwa zuri, tembo walikuwa wanakwisha. Lakini malalamiko ya wananchi kupigwa na kuteswa yalifika bungeni, operesheni ikasimamishwa, na Desemba mwaka huo mawaziri wanne wakapoteza nafasi zao. Mkulima anayekumbuka hayo ukimwambia alete gobore kituoni kwa hiari, unadhani anasikia neno "hiari"?

Serikali kwa kweli imefanya jitihada. Mwaka 2016, kuanzia Machi hadi Juni 30, wamiliki halali wote walitakiwa kuhakiki silaha zao, na Rais Magufuli naye akahakiki zake. Septemba na Oktoba za 2022 na 2023 kukawa na msamaha kwa wanaosalimisha silaha haramu. Na Tanzania ilitia saini Itifaki ya Nairobi ya Aprili 2004 inayozitaka nchi za ukanda huu na Maziwa Makuu kuweka alama kwenye silaha, kutunza kumbukumbu na kuteketeza zile haramu. Kwetu hilo siyo la kwenye makaratasi. Ng'ambo ya ziwa ni Kongo, na vita vya kule tangu 1996 vimevusha wakimbizi na bunduki pia. Wavuvi wa Kasanga na Kipili wanalijua hilo kuliko mimi, wao ndio wanaonyang'anywa injini usiku.

Lakini msamaha wa miezi miwili unaotangazwa kwenye televisheni haumfikii mtu ambaye kijiji chake kinafikiwa kwa miguu wakati wa masika. Mimi napendekeza mambo matatu. Kwanza, msamaha wa magobore uende kijijini, usimamiwe na mwenyekiti na viongozi wa dini, mtu akabidhi mchana mbele ya watu na apewe karatasi. Pili, mkulima apewe msaada wa kweli wa wanyama waharibifu, maana ukimnyang'anya gobore ukamwachia nguruwe pori umempa njaa. Tatu, huku mjini mwenye bastola akaguliwe mara kwa mara kwa ukali ule ule: anaiweka wapi, anakunywa kiasi gani, mkewe anasemaje. Hasa mkewe. Huyo ndiye anayelala nayo chumba kimoja.

Kijana unayesoma hapa na unatamani bastola yenye tochi na nukta nyekundu, sikukatazi ndoto. Ila jiulize kwa uaminifu: unaogopa nini hasa? Kama ni mwizi, kuna njia za bei nafuu nimezitaja. Kama ni kutaka kuheshimiwa, elewa kwamba watu wakikukwepa siyo heshima hiyo, ni woga, na woga huwa unamrudia mwenyewe.

Haya wadau, uwanja ni wenu. Wa Laela, Namanyere, Matai, Mpanda na mlioko mbali, semeni: kijijini kwenu gobore likisalimishwa leo, nani atalinda mahindi kesho? Matusi hapana, hoja tu.