Kisiwa Kilicholala Kuelekea Kibla

Likizo ya Desemba inakaribia, na kama ilivyo ada ya msimu huu, maswali ya wasomaji wa safu hii yameanza kutufikia. Safari hii yamefanana. Mzazi mmoja wa Makambako, na mwingine wa hapa kwetu Nyololo ambaye watoto wake wanasoma madrasa moja na wa kwetu, wameuliza jambo lile lile kwa maneno tofauti: je, yafaa familia ya Kiislamu kutoka huku nyanda za juu kwenda pwani na kuingia majini kutazama samaki na matumbawe, au hiyo ni starehe ya watalii isiyotuhusu? Yule wa Makambako aliongeza kwamba wanaomsumbua zaidi kwa ombi hilo ni mabinti zake.

Tumelichelewesha jibu kwa majuma mawili. Sababu ni kwamba jibu la kweli linatulazimisha, sisi wawili baba na mama wa nyumba hii, kusimulia jambo ambalo hatukulitenda vyema.

Nyololo ni mahali pa ukungu, chai na misonobari. Maji tunayoyajua ni ya vijito vya baridi na mabwawa, na mtoto wa huku hufundishwa kuyaogopa kabla hajafundishwa chochote kingine kuyahusu. Bahari huja kwetu kwa njia mbili tu: papa mkavu wa sokoni, na masimulizi ya madereva wa malori wanaopumzika hapa njiani kwenda Tunduma. Basi miaka miwili iliyopita, jamaa zetu walipotualika harusini Chake Chake, tuliona ni fursa ya kuwaonyesha watoto watatu kile walichokisoma vitabuni tu. Tulipanda basi hadi Dar es Salaam, mwendo wa kama kilometa 600, kisha boti ya Unguja, kisha ya Pemba. Harusi ilipokwisha, mwenyeji wetu akatutafutia mashua ya kwenda Misali.

Misali ni kisiwa kidogo, ukubwa wake kama kilometa moja ya mraba, magharibi ya Chake Chake, katika mkondo wa Pemba. Upande wake wa nje bahari hushuka ghafla hadi vina vya mamia ya mita. Kina msitu, popo wakubwa, kima, na fukwe ambazo kasa hupanda usiku kutaga mayai. Jina lake, wasimuliavyo Wapemba, linatokana na msala. Inasemekana Nabii Khidhri aliwatokea wavuvi hapo akaomba msala apate kuswali. Wavuvi hawakuwa nao. Akasema kisiwa chenyewe kimelala kuelekea Kibla, kwa hiyo kingekuwa ndio msala wake. Hayo ni masimulizi ya wazee wala hatuyachukui kuwa mafundisho ya dini; lakini jambo moja ndani yake kila mtu aweza kulihakikisha kwenye ramani. Pemba na Makka ziko karibu kwenye mstari mmoja wa longitudo. Mtu anayeswali Misali hutazama kaskazini hasa, na wakati wa kusi upepo humpiga mgongoni. Huku kwetu Nyololo, tulioko magharibi zaidi, hatuna budi kugeuka kidogo kuelekea mashariki. Kijana wetu mkubwa alilipima hilo kwa dira na akatuhubiria juu yake siku nzima.

Nahodha alikuwa mtu mzima, mpole, mwenye maneno machache. Alitoa kapu lenye miwani ya majini, mabomba ya kupumulia na majaketi ya kuokolea maisha, yakiwatosha watoto wote watatu. Akawafundisha namna ya kulala kifudifudi juu ya maji, uso ndani, mdomo umeshika bomba, pumzi ikienda polepole. Vijana wetu wawili wakavaa. Binti yetu, aliyekuwa na miaka kumi na minne, akanyoosha mkono kuchukua miwani ya tatu.

Tukamkataza. Tulisema mavazi yake hayafai, tukasema kuna wanaume wengine ufukweni, tukasema hajui kuogelea. Kaka zake nao hawakujua kuogelea. Nahodha hakusema neno. Aliirudisha ile miwani kapuni. Mmoja wetu, mama, akabaki naye mashuani chini ya turubai, na kwa muda wa saa nzima wakawa wanatazama migongo miwili ya machungwa ikielea na kusikiliza kelele za furaha zikipita katika mabomba.

Waliyoyaona vijana wale walituhadithia hadi tukachoka. Waliona vitatange vya njano wakienda wawili wawili, kiti cha pweza cha buluu, mkunga akichungulia pangoni mdomo wazi kana kwamba anataka kusema, na pono waking'ata mwamba kwa meno yao kwa sauti iliyosikika kabisa chini ya maji. Nahodha akawaambia kwamba pono husaga matumbawe ili ale mwani ulioshikamana nayo, na anachokitoa baadaye ni mchanga; sehemu ya ule mchanga mweupe tunaousifu ufukweni imepita tumboni mwake. Kijana mdogo aliapa kuwa ameona chewa mkubwa kama mbuzi. Wajuzi wanasema kitu kitazamwacho kupitia kioo cha miwani ndani ya maji huonekana kimekua kwa kiasi cha theluthi, kwa hiyo tukamtaka ampunguzie chewa wake theluthi moja. Alikubali robo.

Hapa tutoke kidogo kwenye habari zetu, maana Misali ina historia ambayo ingepaswa kujulikana katika kila msikiti wa nchi hii. Zaidi ya wavuvi 1,000 wa Pemba hutegemea maji yake. Katika miaka ya 1990 mwamba wake ulikuwa ukiteswa na nyavu haramu na baruti. Baruti huua chewa na kifaranga chake kwa mshindo mmoja, na huvunja matumbawe, ambayo si mawe bali ni wanyama wadogo wanaojenga nyumba zao kwa kasi ya sentimita chache tu kwa mwaka. Mwaka 1998 kisiwa kikatangazwa kuwa hifadhi, na sehemu ya magharibi ikafungwa isivuliwe kabisa. Mwaka huo huo bahari ikapata joto lisilo la kawaida kwa sababu ya El Niño, na matumbawe mengi ya Afrika Mashariki yakageuka meupe na kufa, ya Misali yakiwamo.

Amri ya serikali peke yake haikutosha, kwa kuwa mvuvi mwenye njaa haogopi karatasi. Ndipo taasisi ya Kiislamu ya mazingira yenye makao yake Birmingham, iliyoasisiwa na Fazlun Khalid, iliposhirikiana na wenyeji kuanzia mwaka 1999 kuzungumza na wavuvi, maimamu na walimu wa madrasa kwa lugha waliyokuwa nayo tayari: uhalifa wa mwanadamu katika ardhi, mizani ambayo Mola ameiweka katika viumbe, ubaya wa israfu, na hima, yaani eneo linalolindwa lisitumiwe ovyo, jambo ambalo Mtume wetu (s.a.w.) mwenyewe alilifanya pembezoni mwa Madina. Hotuba za Ijumaa zikaanza kutaja nyavu na baruti kwa majina yake. Matatizo hayakuisha, wala hatutaki msomaji afikiri Pemba hakuna mvuvi haramu. Lakini wavuvi wengi waliacha, na mwaka 2005 hifadhi ikapanuliwa kufunika sehemu kubwa ya pwani ya magharibi ya Pemba. Mgeni anayeelea juu ya mwamba wa Misali leo, awe Muitaliano au Mhehe, anafaidi matunda ya hotuba zile.

Turudi safarini. Usiku wa kurejea nyumbani, basi lilipokuwa likipanda Kitonga, kaka zake wamelala, binti yetu alituuliza: “Mama, kile kitatange ni kikubwa kiasi gani hasa, kabla hakijapunguzwa theluthi?” Mama akajibu hajui. “Na baba?” Baba naye alikuwa amebaki ufukweni. “Basi katika nyumba yetu wanaojua ni wale wawili tu,” akasema, na hakuongeza neno hadi Nyololo.

Maneno yale yalitukaa kifuani. Tulianza kuuliza, na tuliyoyapata yalitutia haya. Tangu mwaka 2011 kule Nungwi, kaskazini ya Unguja, mradi wa Panje umekuwa ukifundisha watoto kuogelea na kujiokoa, wasichana wakiwamo, nao huingia majini wamejisitiri mwili mzima. Kisiwa cha Chumbe, ambacho mwamba wake umefungwa kwa uvuvi tangu 1994, hupokea wanafunzi wa shule za Zanzibar, wa kike kwa wa kiume, wakaelea na kutazama kwa mabomba kama wetu.

Tulikumbuka pia jambo ambalo hakuna familia ya Kiislamu ya pwani iliyolisahau. Usiku wa kuamkia 10 Septemba 2011 meli ya MV Spice Islander ilizama njiani kutoka Unguja kwenda Pemba, siku chache baada ya Idi, ikiwa imejaa kina mama na watoto. Tarehe 18 Julai 2012 MV Skagit ikazama karibu na hicho hicho Chumbe, Ramadhani ikiwa mlangoni. Kujua kuelea hakumwokoi kila mtu katika msiba wa namna hiyo. Ajali ya meli si bwawa la kujifunzia. Lakini sisi tuliwapandisha watoto watatu boti mbili kwenda na mbili kurudi, katika maji yale yale, bila hata mmoja kujua kuelea, na tulichoona ni hatari kilikuwa ni binti kuvaa miwani.

Kwa hiyo tunawajibu wazazi wenzetu hivi. Hukumu ya sitara na maharimu waulizeni masheikh wenu. Nasi tuliuliza, tukaambiwa njia zipo kwa anayezitafuta. Kodini mashua ya familia peke yenu na mtoke alfajiri, kabla fukwe hazijajaa. Baibui lisiingie majini: likilowa huwa zito na hujisokota miguuni. Suruali pana, nguo ya juu ifikayo magotini isiyopepea, na mtandio uliobana kichwani vinatosha, na pia vinazuia jua lisiunguze mgongo. Jaketi la kuokolea livaliwe na kila mtu, wanaojivuna wakiwa wa kwanza. Miguu isikanyage mwamba hata mara moja.

Pemba ikiwa mbali, Mbudya na Bongoyo ziko mbele ya Dar es Salaam, nazo ni hifadhi. Mafia hufikiwa kwa kivuko cha Nyamisati; ghuba ya Chole ina miamba mizuri ndani ya hifadhi ya bahari iliyoanzishwa 1995, na karibu na Kilindoni, kuanzia Oktoba hadi Februari, huonekana papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani, ambaye chakula chake ni vijidudu vya majini. Wasomaji wa Kyela wanayo Matema, na samaki wadogo wa rangi wa Ziwa Nyasa si wa kudharauliwa, ila waulize kwanza habari za kichocho.

Kuhusu kuzamia kwa mtungi wa hewa, hilo ni jambo jingine, lenye mafunzo yake na vyeti vyake, na mikondo ya Pemba si ya mwanafunzi. Tunataja moja tu linalotuhusu sisi wa huku juu. Mzamiaji akikaa kinani, hewa ya naitrojeni huyeyuka mwilini mwake. Akipanda haraka penye hewa nyepesi, hutoka kwa mapovu, kama soda iliyofunguliwa, na mapovu hayo huweza kumlemaza. Ndiyo maana huambiwa asipande ndege hadi yapite kama saa 18 au 24. Watu hukumbuka ndege na kusahau mlima. Nyololo iko zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari. Kijana aliyezamia jioni asipande basi la Kitonga asubuhi yake. Anayeelea juu kwa bomba, asiyepumua hewa ya mtungi, hana hofu hiyo.

Desemba iliyopita tulirudi Misali. Kabla ya hapo tulikaa siku nne kwa wenyeji wetu, na kila alfajiri jamaa yetu wa kike, mchokozi wa pweza wa miaka mingi, aliwaingiza mama na binti kwenye maji ya kiunoni, akawashika migongo hadi walipoacha kukakamaa. Mama ndiye aliyechelewa. Siku ya tano nahodha yule yule akatoa kapu. Safari hii waliobaki mashuani chini ya turubai ni baba na vijana wawili, nao walinung'unika kwa haki kabisa.

Wakashuka wameshikana mikono. Baada ya muda binti aliinua kichwa, akatoa bomba mdomoni, akatupungia kiganja kilichonyooshwa, kisha akakikunja kidogo, kidogo tena, akipunguza theluthi.