"Inaonekana" si woga, mura!

Mimi nipo hapa hapa Mukendo, Musoma, kalamu mkononi. Najua mada ya wiki hii itawafanya baadhi yenu mseme, "Ebo! Huyu naye kaanza kutufundisha Kiingereza?" Wala. Nataka tuongelee kitabia kimoja tu cha waandishi wa Kiingereza, halafu turudi kwenye Kiswahili chetu tuone kama na sisi tunacho, na kama tunacho tunakitumia au tumekitupa jalalani.

Kitabia chenyewe ni hiki. Mwingereza akiamka akaona barabara imelowa, mara nyingi hasemi moja kwa moja kwamba mvua ilinyesha. Utamsikia, "It seems it rained last night", yaani inaonekana usiku mvua ilinyesha. Akibisha hodi kwa jirani asijibiwe, "He may be out", huenda katoka. Akionja chai, "I think it's a bit cold", naona kama imepoa kidogo. Chukua gazeti lao lolote uhesabu hizo "perhaps", "probably", "might", "appears" na "tends to". Utachoka wewe, hazitachoka zenyewe.

Sasa watu wa Mara tunajijuana. Sisi hatuna habari ya kuzunguka mbuyu. Mtu akiwa mwongo anaambiwa mwongo, tena mbele ya shemeji zake, na ugali unaendelea kuliwa. Kwa hiyo kijana wa Nyasho au Bweri akikutana na sentensi za namna hiyo lazima acheke. "Huyu Mzungu mbona anatetemeka? Mvua imenyesha au haijanyesha? Sema, mura!"

Taratibu, mura. Yule hatetemeki. Anapima.

Angalia hapa. "He is at home": yupo nyumbani, nimemwona kwa macho yangu. "He must be at home": atakuwa nyumbani, sijamwona lakini taa inawaka na viatu vipo mlangoni. "He is probably at home": nadhani yupo, maana saa hizi huwa karudi. "He may be at home": huenda yupo. "He might be at home": huenda, lakini usipomkuta usije ukanishika shati. Mtu ni yule yule na nyumba ni ile ile. Kinachobadilika ni uzito wa ushahidi alionao msemaji. Ni kama mizani ya muuza dagaa pale Mwigobero. Ukilipia kilo upewe kilo, si nusu kilo iliyosindikizwa na kelele.

Nitie maji kidogo kwenye mvinyo huu, maana si kila "perhaps" ni mizani. Nyingine ni adabu tu. Bosi Mwingereza akikwambia, "Perhaps you could do it again", usikae ukafikiri anakupa nafasi ya kuchagua. Anakuambia rudia, tena leo. Na akikwambia, "I'm not sure that's a good idea", ujue maana yake ni acha mara moja. Lakini palipo na habari ya nini kimetokea na nani kafanya, pale neno linapima kweli kweli.

Je, Kiswahili chetu kina vipimo hivyo? Kinavyo tele. Tunayo labda, huenda, pengine, yawezekana, inaelekea, inaonekana, nadhani, nahisi, naona kama, kama sikosei. Bibi zetu wana "Mungu ndiye ajuaye". Tena tuna ufundi ambao Mwingereza akija lazima akae chini ajifunze. Ukiuliza, "Mama yuko wapi?" ukajibiwa, "Atakuwa sokoni," hapo hakuna mtu anayezungumzia kesho. Ile "ta" imeacha kazi yake ya wakati ujao, imekuwa kazi ya kukisia. Halafu tunayo "eti". Nikikwambia, "Eti Juma kanunua gari," nimekupa habari na wakati huo huo nimekuonyesha kwamba mimi mwenyewe sijaimeza. Silabi mbili tu!

Kwa hiyo tusidanganyane kwamba kupima maneno ni ugeni. Vifaa vipo ndani ya nyumba. Ila tumeviweka uvunguni, na gharama yake si mchezo.

Kuna binti mmoja wa mjini hapa, rafiki yangu, jina lake nalihifadhi. Alikuwa akiuza kwenye duka moja la jumla. Jioni moja walipofunga hesabu, pesa zikapungua shilingi 80,000. Mwenye duka ni mtu anayependa barua zake ziwe za Kiingereza, basi akamwandikia barua ya kumfukuza kazi. Sentensi ya kwanza ilikuwa hii: "You stole 80,000 shillings." Umeiba shilingi 80,000. Binti akaniletea niisome. Si kwamba hakuielewa. Alitaka mtu mwingine amwambie kwamba labda ina maana nyingine. Haikuwa na maana nyingine.

Hebu tujiulize, mwenye duka alikuwa anajua nini jioni ile? Kitu kimoja tu, kwamba hesabu haitimii. Hakuna aliyemwona binti akichukua hata senti. Angeandika, "It appears that 80,000 shillings is missing. Please explain," yaani inaonekana shilingi 80,000 hazipo, tafadhali toa maelezo, angekuwa amesema kila alichokijua bila kuongeza chumvi.

Siku ya nne akaja msambazaji wa soda na risiti yake. Zile 80,000 alilipwa yeye, asubuhi ile ile, na ndugu wa mwenye duka ambaye hakuandika daftarini. Kasheshe! Binti akaitwa arudi kazini, akapewa na barua ya pole, hii nayo kwa Kiingereza. Lakini siku nne hizo mama yake alikuwa ameshahojiwa sokoni na kila mwenye mdomo. Na kuna wageni waliokuwa waje nyumbani kujitambulisha kwa ajili ya posa. Wakatuma ujumbe kwamba wamepata udhuru. Huo udhuru mpaka leo haujaisha.

Unaona sasa? Neno moja lililoachwa nje ya sentensi.

Watu wa sheria walishaliona hili siku nyingi. Ndiyo maana habari za mahakamani huandikwa "anadaiwa kuiba" na si "kaiba", na Waingereza wana "alleged" yao ya kazi hiyo hiyo. Katiba yetu ya mwaka 1977, ibara ya 13(6)(b), inakataza mtu aliyeshtakiwa kwa jinai kutendewa kama mwenye kosa mpaka ithibitike kwamba anayo hatia. Mtuhumiwa, mshtakiwa, mwenye hatia: hizo ni ngazi tatu tofauti, na hupandwi kwa kurukwa. Kijiweni sisi tunaanzia ya tatu.

Kuna atakayesema, "Lakini mimi nikikisia huwa napatia." Sawa. Basi tuzungumzie ziwa letu hili.

Mwaka 1858 Mwingereza mmoja, John Hanning Speke, alifika upande wa Mwanza. Mwenzake wa safari, Richard Burton, alikuwa amebaki Tabora. Speke akayatazama maji, hakuyazunguka, akaondoka akiwa na uhakika kwamba kapata chanzo cha mto Nile. Akalipa ziwa jina la malkia wake, Victoria, kana kwamba wazee wetu waliokuwa wakivua humo hawakuwa na majina. Burton akamuuliza, ushahidi uko wapi? Hapo ndipo urafiki ulipokufa. Speke akarudi Afrika, na mwaka 1862 akaona mahali mto unapotoka ziwani, pale Jinja, Uganda. Lakini alikuwa bado hajalizunguka ziwa lote, na ubishi ukaendelea. Septemba 1864 wakapangiwa kukutana kwenye mkutano mjini Bath, Uingereza, walumbane mbele ya wasomi. Siku moja kabla, Speke akafa kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe akiwa mawindoni. Mwaka 1875 ndipo Henry Morton Stanley alipolizunguka ziwa kwa mashua, akipita na pwani hii yetu ya Mara, akathibitisha kwamba ni ziwa moja kubwa na kwamba Nile inatoka humo.

Utasema, si unaona, Speke alipatia! Alipatia, ndiyo. Lakini kupatia ni kitu kimoja na kujua ni kitu kingine. Mwaka 1858 alichostahili kusema ni "inaelekea". Burton asingekuwa na pa kushika, na huenda wale wawili wangerudi kumaliza kazi pamoja badala ya kutafutana ubaya. Na mimi hapa nimesema "huenda" kwa sababu hakuna ajuaye.

Upande wa pili wa shilingi nao upo. Mtu anaweza kuliweka neno la kukisia mahali pake, halafu akafanya mambo kana kwamba hakulisema. Mfano ninao, na umepitia kwa mtu wa nyumbani. Mwalimu Nyerere wa Butiama, aliyeanza shule mwaka 1934 pale Mwisenge, Musoma hii hii, alitafsiri tamthilia mbili za Shakespeare. Ya Julius Caesar ilitoka mwaka 1963, akairekebisha ikatoka tena mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Mwaka huo huo wa 1969 ikatoka na Mabepari wa Venisi.

Katika ile ya kwanza kuna Brutus, mtu mwenye heshima zake. Yuko peke yake usiku anawaza kama amuue Kaizari au la. Anakiri kwamba binafsi Kaizari hajamkosea. Anakiri pia kwamba mpaka hapo hajamwona akiongozwa na jazba. Ila akivikwa taji huenda akabadilika. Basi kwa hiyo "huenda" moja Brutus anachukua kisu. Yaliyofuata ni vita, na mwisho wake Brutus mwenyewe anajiua. Kipimo alikuwa nacho, alikitaja kwa mdomo wake, halafu akakata kitambaa bila kukifuata.

Huyo Brutus tunaye hapa mjini, tena siku hizi ana simu janja. Silaha yake ni "inasemekana". Inasemekana fulani kaathirika. Inasemekana mtoto si wa kwake. Inasemekana utajiri ule una mkono wa mganga. Ukimuuliza inasemekana na nani, anacheka. Hilo neno lina umbo la kitenzi cha kutendeka, lakini mtendaji wake kajificha nyuma ya pazia. Usilichanganye na "inaonekana". Anayesema inaonekana anatakiwa awe na cha kuonyesha, barabara iliyolowa au viatu mlangoni. Anayesema inasemekana anakuachia mzigo ubebe wewe, akiulizwa kesho yeye hayumo.

Basi wiki hii, kabla neno halijakutoka kuhusu mtu, mpe jirani yako haki ya maswali mawili. Umeona mwenyewe au umeambiwa? Kama umeona, umeona nini hasa: mtu akichukua pesa, au droo ikiwa tupu? Kama ni droo tupu, sema droo ni tupu. Kama ni kukisia, sema nadhani, na useme kwa nini unadhani. Kama umeambiwa, mtaje aliyekuambia, na kama huwezi kumtaja, basi hiyo habari haijaiva, irudishe jikoni.

Usiogope kuitwa mwoga. Ukali wetu watu wa Mara una sifa yake, na sitaki tuupoteze. Jambo ukilijua, liseme wazi, hata kama anayelisikia ni mkubwa wako. Lakini inahitaji kifua kipana zaidi kusimama kijiweni, wenzako wote wameshahukumu, wewe ukasema, "Jamani, mimi sijaona. Naona kama pesa zimepungua, basi." Yule binti siku zile nne alimhitaji mtu mmoja tu wa kusema hivyo.

Haya, kwa leo niishie hapo. Wiki ijayo panapo majaliwa tutaongelea wale wanaoazima nguo za kutokea halafu wanazirudisha zimetoboka kwapa. Inaonekana wapo wengi. Ushahidi ninao, kabatini kwangu.

Kaeni salama.