Mjomba, gari la mafuriko silinunui

Leo nina neno na nyote, ila hasa na mjomba wangu wa Tanga, maana nasikia mpaka leo ananisema barazani kuwa kijana kafika Arabuni kaota mapembe. Basi na mimi naomba nisikilizwe.

Mnaikumbuka ile mvua ya tarehe 16 Aprili 2024. Huku Emirati tumezoea jua, lakini safari ile kituo kimoja cha Al Ain kilipima milimita 254.8 kwa muda usiotimia saa 24. Wenyewe walisema haijapata kutokea tangu waanze kuweka kumbukumbu mwaka 1949. Hapa Sharjah maji yalikaa mitaani siku kadhaa, na gari langu likiwa humo humo, maji hadi kwenye siti.

Yalipopungua nikafanya wanavyofanya wengi. Nikachota maji, nikafuta kwa taulo, nikaacha milango wazi juani siku mbili. Zulia likakauka, nikatamba. Wiki ya pili gari likaanza kunuka uvundo. Fundi mmoja Mpakistani alipong'oa siti na kunyanyua zulia, nilikosa la kusema. Chini yake kuna sponji nene. Aliikamua kama nguo, maji yakachuruzika! Bati la sakafu limeshaanza kutu.

Jamani, kukausha gari si kuanika mkeka. Kwanza usiliwashe, hata ufunguo usiuzungushe. Toa waya wa hasi wa betri. Kisha siti, zulia na sponji vyote vitoke nje. Vile vizibo vya mpira sakafuni vifunguliwe maji yatoke, tope lisuuzwe kwa maji safi, halafu feni zipulize siku kadhaa mpaka sponji iwe kavu hadi ndani. Na kama mko pwani, usiku msiache vioo wazi, maana unyevu wa bahari unarudi ndani.

Sasa hapo bado waya. Zinapita chini ya zulia na chini ya siti, zikiwemo zile za manjano za mifuko ya hewa inayofutuka gari likigonga. Magari mengi kisanduku chake cha kompyuta kiko chini katikati, karibu kabisa na sakafu. Maji yakiingia kwenye soketi zake, nje utaona pakavu, ndani kutu inaendelea kula kimya kimya. Ubovu unaweza kujitokeza baada ya miezi.

Ndipo mjomba akapiga simu. Kasikia kuna yadi huku yenye magari ya Kijapani ya usukani wa kulia, bei ya kutupa. Nikaenda. Gari linang'aa, ndani marashi kama chumba cha bibi harusi. Nikavuta mkanda wa siti mpaka mwisho: mstari wa tope. Nikainama chini ya siti: boliti zina kutu. Muuzaji akasema limekaushwa vizuri. Nikamweleza mjomba, akanijibu, "Si limekauka? Maji ni maji tu. Hapa mafundi tunao."

Mjomba, mafundi wetu ni hodari, sibishi. Na najua pesa ni ngumu. Lakini fundi hutibu ugonjwa alioambiwa. Mtu akisema wazi kwamba gari liliingia maji, yakafika hapa, yakakaa siku kadhaa, na bei iendane na ukweli huo, nitakaa naye tuzungumze, walau tupate vipuri. Huyu alificha kwa marashi. Kama kaficha tope, kaficha na nini kingine? Na humo unataka kumpakia mkeo na watoto barabara ya Segera, ukitegemea mifuko ya hewa ambayo huenda imeshakufa?

Mimi mwenyewe langu nilipoliuza nilimwambia mnunuzi kila kitu. Alikata bei mpaka nikaumia. Lakini nalala.

Kwa hiyo mjomba, nisimange tu. Lawama ya barazani naiweza, simu ya msiba siiwezi. Ukipata gari lisilooga, niambie, nitakwenda kulikagua siku hiyo hiyo, na mkanda nitauvuta mpaka mwisho.

Wengine nanyi semeni, nimekosea?