Semina za utajiri: Nani anatajirika ukumbini?

Tangazo lenyewe mnalifahamu. Huja kama bango kwenye mtandao wa kijamii, kipeperushi kituoni au ujumbe wa WhatsApp uliotumwa na ndugu. Jumamosi saa tatu asubuhi, ukumbi wa hoteli, kiingilio bure. Atakayezungumza alikuwa maskini kama wewe, na leo ana nyumba, gari na muda wa kupumzika. Amekuja kutoa siri. Lakini ifikapo saa saba mchana umeshaambiwa kwamba siri yenyewe haiwezi kuelezwa kwa nusu siku. Kuna mafunzo maalumu ya siku mbili, nafasi ni chache, na bei imepunguzwa kwa watakaolipa kabla ya kutoka mlangoni.

Je, mafunzo hayo yana thamani ya pesa zinazolipwa? Swali hili si la mzaha. Fedha inayotolewa pale mara nyingi si ya ziada. Ni akiba ya kikoba, ni mkopo wa simu, ni ada ya mtoto ya muhula ujao. Na wanaoalikwa si wapumbavu. Ni watu wanaotafuta njia ya kutoka mahali ambapo mshahara hautoshi au ajira haipo kabisa.

Katika makala haya tunaangalia jinsi biashara hii inavyoendeshwa, kesi moja kubwa iliyoianika hadharani, na utafiti uliofanywa hapa hapa Afrika kuhusu mafunzo ambayo kweli yaliongeza kipato.

Kesi iliyofungua pazia

Kwa kawaida ni vigumu kujua yanayopangwa nyuma ya jukwaa. Ndiyo maana kesi ya Trump University nchini Marekani ina umuhimu wake: nyaraka zake za ndani ziliwekwa wazi mahakamani.

Taasisi hiyo ilianzishwa mwaka 2005 na Donald Trump, wakati huo akiwa mfanyabiashara wa majumba na nyota wa televisheni. Haikuwa chuo kikuu. Mwaka huo huo mamlaka ya elimu ya jimbo la New York iliitaka iache kutumia neno hilo kwa kuwa haikuwa na kibali, lakini jina halikubadilishwa hadi mwaka 2010.

Mpangilio wake ulikuwa wa ngazi. Ngazi ya kwanza ilikuwa mkutano wa bure wa dakika 90. Hapo watu walihamasishwa kulipia darasa la siku tatu kwa dola 1,495. Ndani ya darasa hilo walihamasishwa tena kununua mpango wa kuongozwa na mlezi wa biashara, ambao kifurushi chake cha juu kiligharimu dola 34,995. Matangazo yalisema wakufunzi walichaguliwa na Trump mwenyewe. Alipohojiwa chini ya kiapo, aliyekuwa mkuu wa taasisi hiyo alikiri kwamba wakufunzi wa madarasa hayo hawakuchaguliwa na Trump.

Mwanasheria Mkuu wa New York, aliyefungua kesi mwaka 2013, alidai pia kwamba wanafunzi walishauriwa kupiga simu benki wakiwa bado darasani, waombe kuongezewa kiwango cha mkopo kwenye kadi zao. Waliambiwa fedha hiyo ni ya kuwekeza kwenye nyumba. Kwa mujibu wa madai hayo, kiwango kikishapanda, kilichofuata ni kuuziwa kifurushi cha gharama kubwa zaidi.

Trump alikanusha kuwalaghai wanafunzi. Utetezi wake ulisimama juu ya takwimu moja: asilimia 98 ya waliojaza fomu za tathmini walisema wameridhika. Takwimu hiyo inahitaji kutazamwa kwa makini, kwa sababu ndiyo silaha ya kila semina ya aina hii. Fomu hujazwa mwishoni mwa mafunzo, mkufunzi akiwa bado mbele yako, moyo ukiwa bado umechemka. Inapima jinsi unavyojisikia siku ya kuondoka. Haipimi kilichomo mfukoni mwako mwaka mmoja baadaye.

Novemba 2016, siku chache baada ya Trump kushinda uchaguzi wa rais, pande zote zilikubaliana kumaliza kesi tatu kwa malipo ya dola milioni 25, bila yeye kukiri kosa. Mawakili wa walalamikaji walikubali kutotoza ada, na walisema wateja wao wangerudishiwa takriban asilimia 90 ya walicholipa. Ni mwisho mzuri, lakini angalieni miaka. Kesi ya kwanza ilifunguliwa mwaka 2010, na njia ya kulipwa ilifunguka mwaka 2018. Hayo yalitokea kwenye nchi yenye mahakama zenye nguvu na mawakili waliokubali kufanya kazi bure.

Hesabu ya ukumbi

Mtu anaweza kusema hilo ni tukio la mtu mmoja. Sivyo. Mwaka 2019 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani, pamoja na jimbo la Utah, iliishtaki kampuni ya Zurixx iliyofundisha ununuzi na uuzaji wa nyumba. Ngazi zilikuwa zile zile: mkutano wa bure, kisha darasa la siku tatu kwa dola 1,997, kisha mafunzo ya juu yaliyoweza kufika dola 41,297. Kesi hiyo nayo ilimalizwa kwa makubaliano.

Kwa nini ngazi hizi hujirudia? Kwa sababu ndizo zinazoleta faida. Tuchukue mfano wa kufikirika kwa shilingi za Tanzania. Watu 400 wanakuja bure. Mmoja kati ya kila kumi analipa 150,000 kwa mafunzo ya siku mbili: hao ni watu 40, jumla milioni 6. Kati ya hao 40, wanane wanalipa milioni 2 kila mmoja kwa ulezi wa karibu: jumla milioni 16. Mwandaaji ameingiza milioni 22 kabla ya kutoa gharama, ilhali watu 360 hawakutoa hata senti. Wale 360 hawakuwa hasara kwake. Walikuwa umati unaofanya ukumbi uonekane umejaa na jambo lionekane la maana.

Katika hesabu hiyo hakuna mahali panapohitaji mwanafunzi afanikiwe. Mwandaaji amekwisha kupata chake, iwe mbinu inafanya kazi au haifanyi. Hiyo ndiyo tofauti kati yake na fundi cherehani anayemfundisha kijana kazi: kijana akishindwa kushona, mtaa mzima utajua fundi hafai.

Na ushuhuda je? Kila semina ina watu wawili watatu wanaopanda jukwaani kueleza walivyofanikiwa, na wengine husema kweli. Lakini kati ya mamia waliopita, hawatakosekana watatu ambao mambo yaliwanyookea, kwa juhudi, kwa mtaji wa familia au kwa bahati. Wale ambao hayakuwanyookea hawaalikwi kupanda jukwaani. Wengi wao hunyamaza kwa aibu, maana pale ukumbini walifundishwa kwamba anayeshindwa ni yule asiyejituma.

Yanayofanana karibu nasi

Afrika Mashariki ina kumbukumbu zake. Wakenya hawajasahau kware. Kati ya mwaka 2013 na 2014 habari zilienea kwamba mayai ya ndege huyo ni dawa na bei yake ni dhahabu. Watu walinunua vifaranga kwa bei ya juu, wakajifunza ufugaji, wakafuata leseni kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori la Kenya, kwa kuwa kware huhesabiwa mnyama wa porini. Muda si mrefu mayai yalijaa sokoni, wanunuzi hawakuonekana na bei ikaporomoka. Waliotoka na faida ni wale walioingia mapema, ambao wateja wao hawakuwa walaji wa mayai bali wafugaji wapya waliotaka ndege wa kuanzia.

Siku hizi zamu ni ya mafunzo ya kununua na kuuza fedha za kigeni mtandaoni. Hapa kuna takwimu inayostahili kuandikwa kwenye kila mlango wa ukumbi. Mwaka 2018 Mamlaka ya Dhamana na Masoko ya Ulaya, ilipokuwa ikiweka masharti kwa mikataba ya kubashiri bei, ikiwemo ya sarafu, ilieleza kwamba uchunguzi wa wasimamizi wa nchi mbalimbali ulikuta kati ya asilimia 74 na 89 ya akaunti za wateja wa kawaida hupoteza fedha. Kenya iliweka kanuni za biashara hii mwaka 2017, na dalali anatakiwa kuwa na leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji.

Msomaji anapaswa kujua pia kwamba wapo madalali wanaomlipa kamisheni anayewaletea mteja. Mwalimu anayekupa kiungo cha kufungulia akaunti anaweza kulipwa kila unaponunua na kuuza, hata siku unayopata hasara. Si kila mwalimu yuko hivyo, lakini ni haki yako kumuuliza.

Mafunzo yanayolipa yapo

Tungekuwa tunapotosha kama tungesema mafunzo yote ya biashara ni upuuzi, au kwamba kubadili fikra hakusaidii. Utafiti mmoja mkubwa unaonyesha kinyume chake.

Mjini Lomé, Togo, watafiti walichukua biashara ndogo 1,500 na kuzigawa kwa bahati nasibu katika makundi matatu ya 500. Kundi la kwanza lilifundishwa masomo ya kawaida ya biashara: hesabu, masoko, usimamizi wa fedha. La pili lilifundishwa tabia ya kujituma kwa njia ya kisaikolojia: kujitofautisha na washindani, kuona fursa mapema, kutokata tamaa. La tatu halikufundishwa, ili liwe la kulinganishia. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017 katika jarida la Science. Ndani ya takriban miaka miwili, faida ya waliofundishwa kujituma ilipanda kwa asilimia 30. Ya waliopewa masomo ya kawaida ilipanda kwa asilimia 11, kiwango ambacho kitakwimu hakikutosha kuthibitisha kwamba mafunzo ndiyo yaliyokileta.

Kwa hiyo wahamasishaji wana hoja wanaposema fikra ni muhimu. Lakini tulinganishe yaliyobaki. Washiriki wa Lomé tayari walikuwa na biashara. Walikaa darasani saa 36, kisha mkufunzi akawatembelea kwenye biashara zao mara moja kwa mwezi kwa miezi minne. Hawakutozwa ada. Na matokeo hayakupimwa kwa makofi bali kwa kurudi kuhesabu faida, tena ikilinganishwa na ya watu ambao hawakufundishwa.

Tuangalie pia ukubwa wa mafanikio yenyewe. Asilimia 30 maana yake ni kwamba mama muuza vitenge aliyekuwa akipata faida ya shilingi 10,000 kwa siku sasa anapata 13,000. Hiyo ni ada ya shule, ni dawa, ni nauli. Ni jambo kubwa. Lakini si gari la kifahari ndani ya miezi sita. Ikiwa mafunzo yaliyothibitishwa kwa uangalifu kiasi hicho yaliongeza theluthi moja au pungufu kidogo, anayekuahidi mara kumi anatakiwa kuleta ushahidi mzito zaidi, si mwepesi zaidi.

Maswali ya kuuliza kabla ya kulipa

La kwanza ni hili: mwalimu huyu anaishi kwa kazi anayoifundisha, au anaishi kwa kuifundisha? Kama anafundisha ufugaji wa kuku, banda lake liko wapi na anamuuzia nani? La pili: kati ya waliosoma kwake mwaka jana, wote, si watatu wa jukwaani, wangapi wanapata kipato leo? Asipokuwa na jibu, ina maana hajawahi kuwafuatilia. La tatu: ninaweza kulipa wiki ijayo kwa bei hii hii? Mafunzo mazuri leo yatakuwa mazuri Jumatano. Haraka ya kulipa ni ya muuzaji, si ya mwanafunzi. La nne: nisiporidhika narudishiwa fedha kwa masharti gani, na yameandikwa wapi?

Kisha linganisha bei. Ujuzi wa kusindika vyakula, kutengeneza sabuni, ushonaji au umeme hufundishwa na taasisi za umma kama SIDO na VETA nchini Tanzania, ambako unatoka na kitu mkononi. Na maafisa ugani wapo kwa ajili ya mkulima na mfugaji.

Kwa jumla, tuliyoyaona yanatupeleka kwenye jibu moja. Kinachouzwa kwa bei kubwa katika semina za utajiri mara nyingi ni matumaini, na matumaini yale yale hupatikana bure kwenye ule mkutano wa kwanza. Ukitaka, nenda ukasikilize, andika lililo la maana, kunywa chai kama ipo. Ila kabla hujatoa fedha ya kikoba au ya ada, rudi nyumbani, lala, na kesho yake mweleze mwenzako wa nyumbani kile unachotaka kununua. Kama huwezi kumweleza kwa sentensi mbili ni ujuzi gani utakaotoka nao, basi bado hujaonyeshwa bidhaa yenyewe.