Tusisingizie mtandao!

Wadau, hili limenichosha. Programu ikiganda wakati wa kupakua faili, tunaambiwa mtandao ni mbovu. Uongo mtupu! Mtandao mbovu huchelewesha faili, hauzuii kitufe cha "Ghairi" kubonyezeka.

Dirisha huchorwa, na mibonyezo hupokelewa, na uzi mmoja. Mwandishi wa skripti akiutuma uzi huohuo ukasubiri faili, dukani anabaki nani? Ni sawa na mwenye duka kufunga na kwenda Kariakoo kufuata mzigo, wakati kijana wa kutumwa yupo.

Na kijana yupo siku nyingi. Windows XP ya 2001 ilikuja na BITS, inayopakua pembeni na kuendelea ilipoishia mtandao ukikatika. Kwenye PowerShell unaongeza -Asynchronous kwenye Start-BitsTransfer, unaulizia kazi ilipofika kwa taima, kisha unamalizia kwa Complete-BitsTransfer. Basi!

Tunaoumia ni sisi wa vifurushi: programu imeganda, unaizima kwa nguvu, upakuaji unaanza upya, na MB zinaliwa mara ya pili. Waandishi wa programu, huo ni uvivu wenu, na bili tunalipa sisi. Au nawaonea?