Tatizo Si Pedali, Ni Mguu

Nilinunua pedali mpya kwa pesa niliyokuwa nimeitenga kwa kodi ya chumba. Sijitetei. Muuzaji alinihakikishia kwamba zitanipunguzia sekunde nzima kila mzunguko pale Monza, nami nikaamini kwa sababu nilitaka kuamini. Wiki mbili baadaye mdogo wangu, mwenye usukani wa mtumba aliouFunga mezani kwa mpira wa baiskeli, alikuwa bado ananiacha kwa sekunde moja na nusu.

Kwa hiyo naandika kwa hasira, na hasira hiyo ni juu yetu sote tunaocheza mbio za magari kwenye kompyuta. Tumegeuza mazoezi kuwa manunuzi. Mtu akilalamika kwamba yuko taratibu, swali la kwanza ni ana usukani gani. Hakuna anayemuuliza anaachiaje breki.

Chukua kona ya kwanza ya Monza. Unaifikia kwa zaidi ya kilomita 250 kwa saa, kisha unatakiwa kukata kulia na papo hapo kushoto, kwa mwendo wa daladala. Wengi wetu tunafanya lilelile: tunachelewa kufunga breki ili tujione majasiri, tunakanyaga kwa nguvu zote, halafu tunaachia ghafla na kukata usukani. Gari linapitiliza. Tunalaumu tairi.

Tairi halina kosa. Ukifunga breki, uzito wa gari unahamia mbele na tairi za mbele zinashika lami. Ukiachia kwa mkupuo, uzito unarudi nyuma, pua inanyanyuka, na usukani unabaki kuomba dua. Ndiyo maana breki hupunguzwa polepole kadiri usukani unavyoongezwa. Tairi lina nguvu zilezile za kugawana kati ya kusimamisha na kugeuza. Na hasara yenyewe haiishii pale. Mbele kuna Curva Grande, ambako mguu hauondoki kwenye mafuta, kwa hiyo mwendo ulioukosa ukitoka konani unaulipia njia nzima hadi breki inayofuata.

Najua mtaniambia vifaa vizuri vinasaidia. Kweli. Pedali inayopima nguvu ya mguu, badala ya umbali inaposhuka, hurahisisha kurudia breki ileile. Ila kama breki yako ni mbovu, utairudia ubovu wake kwa uhakika zaidi. Mimi ni shahidi.

Mwishowe nilimeza aibu nikamwomba mdogo wangu anifundishe. Alizima ule mstari wa rangi unaoonyesha pa kufunga breki, akaficha na saa. Mizunguko ishirini, gari moja, kona moja. “Kaka, usikanyage,” alikuwa akirudia, “achia. Achia taratibu.” Jioni tatu nzima hakuniruhusu kuzungumzia kitu kingine.

Sasa ananiacha kwa nusu sekunde. Pedali nimezitangaza kuziuza, maana kodi bado nadaiwa. Mtu wa kwanza kupiga simu aliniuliza zitampunguzia sekunde ngapi.