TUMFAHAMU MTOTO KABLA YA KUMHUKUMU



Kila sifa njema anastahiki Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo:

Ndugu wasomaji, katika darsa za tafsiri tunawafundisha wanafunzi wasiichukue aya moja na kuitolea hukumu peke yake. Watazame iliyotangulia na inayofuata, waulize imeteremka kwa sababu gani, kisha warejee kwa wanavyuoni. Hiyo ndiyo adabu ya kufahamu maneno. Je, adabu hiyo tunaitumia pia kwa mtoto aliyekaa mbele yetu?

Sisi walimu tunakiri kosa letu. Tulikuwa na mwanafunzi ambaye kila akiitwa kusoma ubaoni hunyamaza. Tukamwita mvivu, tukamsimamisha, na wenzake wakamcheka. Ilipita miezi ndipo mmoja wetu alipomwona ameinua juzuu hadi karibu na pua. Kumbe alikuwa haoni vizuri, na sura zote alizozihifadhi alizipata kwa kusikiliza. Tulimhukumu kwa jambo moja, bila ya kuuliza sababu yake.

Turejee Sura ya 80, Abasa. Kwa mujibu wa wafasiri wengi, sahaba kipofu, Abdullah bin Umm Maktum (R.A.), alikuja kutaka kufundishwa wakati Mtume (S.A.W.) akiwalingania wakubwa wa Makureshi. Mtume akakunja uso, na Allah (S.W.) akateremsha aya za kumzindua. Fundisho ni wazi: mwenye hamu ya kujifunza asiwekwe nyuma kwa ajili ya mwenye cheo. Baadaye sahaba huyo akawa mwadhini Madina pamoja na Bilal (R.A.), na Mtume alimwachia usimamizi wa mji huo mara kadhaa alipotoka safari. Wanawake nao walipoomba siku yao ya kufundishwa, Mtume aliwapa, kama ilivyopokewa na Bukhari.

Hata wasiokuwa Waislamu wameliona jambo hili. Mwanafalsafa wa Ujerumani, Hans-Georg Gadamer, katika kitabu alichokitoa mwaka 1960, alieleza kuwa kila msomaji huja na dhana zake za awali. Hafahamu mpaka awe tayari kuzipima dhana hizo na kulisikiliza lile analosomewa au kuambiwa. Nasi katika Sura ya 49, Al-Hujurat, tumeamrishwa kujiepusha na dhana.

Wako watakaosema kuwa huku ni kuwadekeza watoto, na madarasa yamejaa. Hatuombi somo lipunguzwe. Wote wahifadhi sura ile ile. Njia ndiyo itofautiane. Asiyeona vizuri akae mbele. Mwenye kigugumizi asikatizwe. Anayechelewa aulizwe ana kazi gani nyumbani kabla ya kuonyeshwa bakora. Binti akiinua mkono asikilizwe kama kaka yake. Hapo hapana gharama ila subira.

Nanyi wazazi, mtuambie yanayowasumbua watoto wenu, wala msione haya. Nanyi wanafunzi, msimcheke mwenzenu.

Mwanafunzi yule sasa anakaa safu ya mbele. Tulimtahayarisha mbele ya wenzake, na mbele ya wenzake tukamwomba radhi.

Allah atujaalie uadilifu kwa tunaowafundisha. Amin.

Wabillahi tawfiq.